Mlinganyo wa Tano

Uyole, Julai, saa nane usiku.
Nimejitanda khanga juu ya koti,
kompyuta ndiyo jiko langu.
Ninaandika mlinganyo wa tano:
sukari huingia, insulini hubisha hodi,
seli zimejaa mafuta, hazifungui.

Mgonjwa wangu wa kubuni ana kilo mia na nne,
uzito wa shangazi Anyelwisye; sikuubahatisha.
Humpa uji saa moja, viazi saa saba.
Leptini inapiga kelele, inatosha, inatosha!
Ubongo umezoea,
kama jirani wa mashine ya kusaga.

Mstari unapanda, unapinda, unatua
vizuri mno.

Kwani juzi shangazi alikuwa msibani Tukuyu:
wali wa sinia, ndizi, soda mbili,
kisha akakipanda kilima cha Masoko kwa miguu, analia.
Hayo nayaingiza wapi?

Jioni nilimpima. Akafuta tone la damu kwenye kitenge,
akachungulia:
“Huyu wako wa kwenye kioo,
naye hushiba akabaki na njaa?”

Nimefuta namba moja.
Nimeandika: huzuni, kiasi hakijulikani.
Mstari umeyumba,
umesimama kuvuta pumzi,
kama mtu anayepanda Masoko.