Saa Sita Nyuma

Niliinunua Mwanjelwa kwa kijana wa simu,
ina mkwaruzo pembeni kama kucha ya paka.
Mama, akasema, hii inahesabu hatua, inasikiliza moyo.
Moyo wangu hauna siri, nikamwambia,
wewe nipunguzie elfu tano.

Wiki ya kwanza ule mkanda wa mpira ulinitoa vipele.
Anyandwile, fundi viatu wa stendi ya Kiwira,
akanikatia mwingine, ngozi ya ndama,
akaushona kwa uzi wa njano uliobaki kwenye mpira wa shule.
"Sasa inafanana na wewe."
Sikuuliza kama ni sifa.

Halafu uso. Nyuso zilikuwa mia na zaidi:
waridi, chui, mnara wa Ulaya, mishale ya dhahabu.
Nikazipita zote, nikamweka Pensheni,
ng'ombe niliyemnunua kwa pensheni ya Mwaipaja.
Kioo hakikumtosha: jicho moja, sikio nusu,
na lile paji jeupe ndipo tarakimu zinapokaa.

Programu nilizichambua kama maharage.
Ya kuogelea, nje. Ya gofu, nje;
gofu ya wapi, kwenye matuta ya viazi?
Ya kunihimiza ninywe maji niliicheka,
Isongole hii mvua inakufuata mpaka kwenye godoro.
Ya kuniambia "Simama, umekaa mno"
ilinitetemesha mkono niko kwenye kigoda,
chuchu kiganjani, ndoo imefika nusu.
Pensheni akageuza shingo kunitazama.
Nayo nje.

Ikabaki kasoro moja.
Mimi nasema saa moja, yenyewe inaandika saba.
Alfajiri natoa sita, jioni natoa sita,
kama wale wabadilisha kwacha wa Kasumulu,
na gari la maziwa halingoji mtu amalize hesabu.

Gwakisa, mjukuu wangu, aliishika dakika mbili tu.
Akaihamisha, akaipeleka mji unaoitwa Montevideo.
"Wale wako saa sita nyuma yetu, bibi. Kamili."
Nikatazama kwenye paji la Pensheni: moja.
Honi ikalia barabarani.
Mkono na mdomo wangu vikasema neno lile lile.

Ila tangu siku hiyo saa inaamini mimi siko hapa.
Asubuhi nashuka na madumu, ukungu haujainuka,
inanichorea mwezi,
inaniomba kwa Kiingereza cha upole nikalale.
Hatua elfu nne usiku wa manane!
Inaniandikia madeni ya usingizi,
labda huko kuna mtu anayalala kwa niaba yangu.
Jioni najifunika mablanketi mawili, inaniwashia jua.
Machi, mvua inapasua bati, yenyewe inasema
anga safi, upepo wa pwani, nyuzi ishirini na sita.

Na tarehe.
Zamani iligeuka nikiwa usingizini, kama mwizi.
Siku hizi inageuka saa kumi na mbili asubuhi
mbele ya macho yangu, maziwa ya mwisho yakidondoka.

Mwaipaja alikata roho saa nane usiku.
Cheti kimeandikwa tarehe kumi na tisa.
Mimi sikuwa nimelala, sikuwa nimevua hata kitenge,
kwangu ilikuwa bado kumi na nane,
nikabishana na karani mpaka akafunga dirisha.
Juzi nimehesabu kwa vidole, mara mbili:
saa nane ya usiku, Montevideo, ni kumi na nane.

Jana Gwakisa amekuja na maarifa mapya.
Bibi, kuna uso unaosoma saa zetu bila kuhama,
nikurudishie saa nyumbani?
Nilikuwa nafunga mkanda, tundu la tatu.
Nikamwambia, iache huko huko.
Chaji imebaki asilimia kumi na moja
na kifuniko cha dumu la pili sikioni.