Yaliyobaki Sakafuni

Nilikuwa mkasi wake miaka thelathini na mmoja.
Yeye alipiga picha, mimi nilikata.
Hesketh Ormerod, mwana wa Oldham,
mji ambao mvua hainyeshi bali hukaa,
kama mgeni asiyejua kuaga.

Babaye alisokota pamba mpaka mapafu yakawa pamba.
Mamaye, Alma, alikaa kwenye kidirisha cha sinema
akichana tiketi: nusu yako, nusu yetu.
Mtoto aliingizwa bure, akajikunja kiti cha nyuma,
akajifunza kusoma kwa yale maneno meupe
yaliyotokea gizani, filamu zilipokuwa bado bubu.

Akaja London na sanduku moja na lafudhi nzito.
Studio wakamcheka alivyotamka "mkate".
Alibeba nyaya, akabeba chai,
akabeba lawama za wakubwa,
hata siku moja mwelekezi akafika chakari, hajui kamera iko wapi,
na Hesketh akasema, "Anza,"
na watu wakaanza.
Hivyo tu.
Kwetu vyeo vingi hutoka katika ulevi wa mtu mwingine.

Filamu kumi na tisa. Nzuri, nne.
Sisemi kwa chuki: zote zimepita vidoleni mwangu.
Wakati wa vita tulitengeneza ya dakika saba
kuhusu kung'oa waridi na kupanda viazi,
na hiyo, msimwambie mtu, ndiyo niipendayo.
Kisha ile ya mnara wa taa, iliyompeleka Venisi
na kumrudisha na koti jeupe
ambalo masizi ya Oldham hayakumruhusu kulivaa mara ya pili.
Kisha ile ya mfalme: farasi mia mbili,
wiki sita za matope, fedha za watu.
Farasi walikula kuliko waigizaji
na waliigiza vizuri zaidi.
Magazeti yakamchinja kwa kisu butu.

Simu ikanyamaza.
Mtu aliyezoea kuinua kidole watu mia tatu wakatulia
akawa anatangaza sabuni,
anambembeleza mtoto wa wenyewe alichekee povu.
Mpanda ngazi hushuka. Yeye alishuka akihesabu vidato.

Sasa lile nililotaka kusema.
Katika kila filamu, mahali fulani,
palikuwa na mkono wa mwanamke ukichana karatasi.
Barua, risiti, ukurasa wa kalenda.
Karibu sana, hata ukaona wino chini ya kucha.
Haukusaidia hadithi. Nami kila mara nilimwambia,
"Hesketh, huu unatuchelewesha."
Kila mara aligeukia dirisha.
"Kata."

Alma alizikwa tukiwa tunapiga ile ya mnara.
Hakwenda. Siku hiyo mwanga ulikuwa mzuri.
Asiyekuwapo na lake halipo, husema watu.
Mimi niliokota lake sakafuni
nikalitia kwenye bati la biskuti.

Mwaka jana, Morecambe, nyumba ya wazee,
madirisha yakitazama tope
ambalo bahari hulisahau mara mbili kwa siku,
nilileta projekta ya kuazima
na vile vipande vyote, nimeviunga kwa gundi na subira.
Shuka ukutani. Muuguzi Bronagh akazima taa.

Dakika mbili na sekunde kumi na moja.
Mkono, mkono, mkono,
karatasi ikichanika bila sauti,
na ngozi, ajabu, ikizeeka filamu kwa filamu.
Walikuwa wanawake kumi na tisa tofauti.
Kumbe kila mara alitafuta mkono uliokula chumvi zaidi kidogo,
hata baada ya mazishi.
Mimi niliyekata sikuliona hilo.

Hesketh, miaka themanini na saba, blanketi magotini, chai imepoa.
Nilingoja. Mtu hungoja, hata akiwa mkasi.
Akainua kidole kimoja, kama zamani.
"Wa tatu," akasema, "ni mrefu mno.
Punguza, Nesta."

Kisha, shuka likiwa limebaki jeupe:
"Rudisha mwanzo."