Kilio cha Kuazima

Wifi yangu Matrona alinifundisha hivi:
dubu haitwi kwa sauti ya dubu. Mwenziwe wa nini?
Mwite kwa njaa.
Akanipa vipande viwili vya mwerezi, mpira mwembamba katikati,
vimefungwa uzi mwekundu wa kushonea nyavu.
Ukipuliza, kinalia kama ndama wa kulungu
aliyekabwa shingo.

Upepo kwanza. Alitoa chupa ya poda,
poda ya mwanangu, aliichukua mezani bila kuomba,
akaibinya mara moja. Vumbi likaelea kuelekea baharini,
likatuacha. "Vyema," akasema.
"Macho ya dubu yanadanganyika,
masikio yanabembelezeka.
Lakini pua, pua haihongeki."

Tukaketi, mwamba mgongoni,
pale ghuba inapokunja kiwiko
na majani ya mwezi wa tano hutangulia kuota
theluji ingali imekaa mabegani mwa milima.
Yeye akaangalia msitu, bunduki magotini.
Mimi nikaangalia ufuo, kwa kuwa anayeitwa
haji kila mara kwa mlango uliomfungulia.

"Puliza, usipumzike.
Mbweha utampigia kidogo ukanyamaza, udadisi utamleta.
Dubu ni msahaulifu. Sauti ikikatika
atakaa chini ale majani, asijue alikuwa anakwenda wapi.
Dakika arobaini. Saa nzima, ikibidi.
Lia kama anayekufa,
kisha kama aliyekwisha kufa nusu."

Nikalia.
Mate yakajaa kwenye mpira, sauti ikapasuka,
nikakung'uta kwenye goti, nikalia tena
hadi midomo ikawa ya mtu mwingine.

Hakuna aliyenionya kuhusu maziwa.
Wiki ya tisa tangu nijifungue;
Innokenti nimemwacha kijijini kwa bibi yake, na chupa mbili.
Mwili haukujua kwamba kilio kile ni mti na mpira.
Uliitika. Maziwa yakashuka,
yakapita shati, yakapita sweta,
ya moto, kisha baridi kama sarafu kifuani.
Matrona aliona. Akatazama msitu.

Wa kwanza kuja hakuwa dubu.
Kulungu jike alichomoka kwenye nyasi za ufuoni
akipiga kwato, mbavu zikipwita,
masikio yote mawili yameelekezwa kinywani mwangu.
Wake alikuwa amemlaza mahali, salama, bila shaka.
Lakini kilio hakikupi nafasi ya kuuliza ni cha nani.

Mdomo ukagoma.

Kimya. Na ndani ya kimya, upande wa Matrona,
kijiti kimoja kikavunjika.

Nikageuza jicho tu, shingo nikaiacha.
Dume jeusi, hatua hamsini, ameketi
kama mgeni aliyepoteza anwani,
anang'oa majani, anatafuna, anasahau.
Kiwiko cha Matrona kikaniingia ubavuni.
Kule jike linasubiri nilie.
Huku dume linasubiri nilie.
Uongo mmoja, wageni wawili.

Nilipuliza.

Dubu akainuka. Kulungu akaja hatua tatu,
nne, karibu hata nikaona unyevu wa pua yake.
Risasi ikapita pembeni mwa sikio langu la kulia
ambalo bado, mpaka leo, husikia mvua isiyonyesha.
Jike likapotea. Dume likakimbia kidogo,
likalala kana kwamba lilikusudia.

Tulichuna hadi mwanga wa saa tano usiku.
Tumboni mlikuwa na majani, basi. Majani matupu.
Mafuta tutayeyusha, alisema Matrona, yanafaa
kwa maandazi na kwa buti.
Kisha akanivulia koti lake kavu, bila neno.

Usiku ule Innokenti alilia.
Nilikuwa nimesimama kabla sijaamka,
na nilitazama dirisha kwanza,
kioo cheusi, kitasa, giza la nje,
ndipo nikatazama kitanda chake.

Poda imerudi mezani. Imebaki nusu.