Uma Nyuma ya Ukuta

Mforosadi ni wa Zhirayr, muuza nyama,
lakini nusu yake inaegemea kwetu,
na mwezi wa Julai nusu hiyo haina adabu:
inatema wino juu ya mashuka,
juu ya paka, juu ya kipara cha mgeni.
Mwaka wa kumi na mmoja huu mama yangu na Zhirayr
hawaamkiani, kisa shuka moja.

"Kilichoangukia kwangu ni changu," mama husema,
na leo, joto la Meghri limekaa juu ya mapaa
kama mdai aliyekataa hata maji,
tukatandika turubai, nikapanda ukuta,
nikatikisa.
Mvua nyeusi. Mvua nono.
Hadi sasa vidole vyangu ni vya muuaji.

Mama hapimi kwa mizani.
Huchemsha maji na sukari, huiacha shira ipoe,
kisha hutumbukiza yai bichi, zima, na ganda lake.
Likizama, sukari bado.
Likielea lote, umezidisha, tia maji uone haya.
Likichungulia kidogo tu,
upana wa sarafu ya dramu mia,
hapo hapo. Ondoa mkono.

Tukaziponda forosadi kwenye chujio,
tukakamua malimau mawili, la tatu likakauka mkononi.
Nikamkumbusha: kijiko cha pombe kali
huizuia barafu isiwe jiwe.
"Na pombe ya forosadi mtaa huu anaipika nani?"
Nikanyamaza.
Jibu lilikuwa nyuma ya ukuta, likipiga chafya.

Saa mbili usiku sinia likaingia kwenye jokofu.
Kila nusu saa, uma:
kwaruza kingo, zirudishe kati,
vunja chembe zingali changa,
maana barafu ukiiacha peke yake hujifunza ukaidi.
Saa tatu, ukingo umeshika.
Saa tatu na nusu, tope la zambarau.
Saa nne, umeme ukakatika
mji mzima,
tukabaki na taa za Iran, mbali, ng'ambo ya mto Araksi,
zikimetameta kama za kutusuta.

Jenereta moja tu ikakohoa, ikanguruma.
Ya muuza nyama.
Mama akatazama sinia. Akatazama ukuta.
Akaenda kulala na viatu vyake.

Nilibisha mimi. Zhirayr, fulana na kandambili,
akatazama sinia, akatazama vidole vyangu,
akasogeza paja la kondoo kupisha nafasi.
"Nusu saa?"
"Kila nusu saa," nikasema.
Mlango ukafungwa.

Usiku ule sikulala. Joto. Mbu.
Na kupitia mawe ya ukuta
kru, kru, kru,
kimya,
kisha tena kru, kru:
mwanamume wa miaka sabini na kitu
anaamka, anainama, anakwaruza
matunda tuliyomwibia.
Chumba cha pili, kila uma ulipolia,
kitanda cha mama kililia pia.

Asubuhi sinia lilikuwa juu ya ukuta,
limefunikwa kitambaa cheupe cha duka la nyama.
Halikuwa jiwe. Kijiko kilizama bila ubishi.
Baridi kwanza, hadi kwenye mizizi ya meno,
kisha limau,
kisha, nyuma kabisa, kooni,
moto mdogo ambao si sisi tuliouwasha.

Na kona moja ilikuwa imechimbwa,
kina cha kijiko cha mtu mzima.

"Mwizi," mama akasema.
Akavuta kiti. Akalamba midomo, akautafuta tena ule moto,
akachukua kijiko kikubwa,
akaanzia pale pale penye shimo.