Ubavuni

Weka pampu chini, Kibrom.
Themanini na tano zinakutosha.
Najua wenzako wa timu hujaza mpaka tairi linalia
ukiligonga kwa kidole, kama glasi,
na wanasema gumu ndilo jepesi.
Hebu inama. Futa vumbi hapa, ubavuni.
Vimaandishi hivi, vidogo kuliko chembe za mchele,
hakuna anayevisoma mpaka alale navyo
barabarani.

Mimi nilivisoma siku ya pili.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumapili, Asmara ina baridi,
kahawa inafuka kwenye meza za jirani,
na kaka yangu Zeray mlangoni na tairi lake,
kipya kinyemi.
"Abrehet, ongeza."
Nikaongeza.
Mshale wa geji ukapita tisini na tano, ukapita mia,
ukakaa mia na kumi, unatetemeka,
nami nikaisifu mikono yangu.

Kutoka hapa hadi Masawa barabara haiendi, inaanguka.
Kona juu ya kona, ukungu chini yako kama maziwa sufuriani,
nyani wamekaa kwenye kingo wanakuhesabu.
Mwoga hushika breki tangu juu mpaka Nefasit.
Zeray hakuwa mwoga. Alikuwa na mke mjamzito,
akashika breki.
Raba ikasugua rimu, rimu ikawa kikaango,
na upepo ule nilioushindilia kwenye baridi
ukaanza kutafuta mahali pa kujinyoosha.
Hapakuwepo. Nilikuwa nimepamaliza mimi.

Ng'ambo ya bonde mafundi wa reli walisikia mlio,
na watu wazima wakalala chini, kwa mazoea.

Mbavu tatu.
Na taya ambalo mpaka leo halifungi sawasawa.
Mtoto akazaliwa, akamjua baba
anayepiga mluzi kila afikapo kwenye herufi ya S.

Usidhani basi nitakupa tairi tepetepe.
Lililolegea nalo lina hila yake:
jiwe moja tu, rimu inashuka, inaing'ata tyubu,
matundu mawili sambamba, meno ya nyoka,
nawe unarudi kwa miguu
umebeba kilichopaswa kukubeba.

Themanini na tano nyuma, themanini mbele,
kwa uzito wako huo na mkoba wako huo.
Huko chini jua litaongeza lake bila kukuuliza,
liachie nafasi.
Shika breki, achia. Shika, achia.
Nefasit simama, gusa rimu kwa mgongo wa kidole.
Ikikufukuza, agiza chai.
Na huu ufa karibu na ukingo, unauona?
Leo ni unywele. Wiki ijayo usiniletee, nunua jingine.

Zeray? Anapanda bado.
Kila Jumamosi jioni huja na gurudumu begani.
Hajanilaumu hata siku moja;
kuna siku natamani angenilaumu, nikapumua.
Hukaa kwenye lile kopo la rangi, husema, "Soma."
Nami nasoma kwa sauti kile nikijuacho kwa moyo,
upana, kipenyo, mwisho wa paundi,
yeye anasikiliza mdomo wazi kidogo
kana kwamba ni barua kutoka kwa mtu wa mbali.
Kisha mimi najaza, yeye anashika geji.
"Basi," anasema,
na ile herufi inatoka na upepo kidogo.