Mita Thelathini na Nane

Wasemao kuta zina masikio
hawajauona ukuta wa banda letu la farasi:
mawe ya chokaa, unene wa mkono mzima,
uliojengwa na babu wa babu yangu hapa Saaremaa
ili baridi isipate pa kupenya.
Kiziwi. Mawimbi ya ruta yanafika, yanabisha,
yanarudi jikoni kama yalivyotoka.

Farasi wa mwisho aliuzwa zamani. Sasa humo anaishi Tuuli,
binti yangu, karudi kutoka Tartu na meza yake
na kazi ya kuchora ramani za miji asiyoijua.
Ramani haziendi kwa miguu.
Basi kila jioni, saa moja na nusu,
alivuka ua na kompyuta ndani ya koti,
akaketi kando ya jiko la kuni kungoja mstari ujae,
asilimia kumi, asilimia kumi na moja,
huku akimenya viazi bila kuombwa,
akinieleza daraja gani limehamishwa, nani kaachana na nani.

"Baba, hivi sivyo," alisema Septemba.
Nikanunua kisanduku cha kurudia mawimbi;
kikarudia ukimya.
Jirani yetu Endel akashauri antena juu ya mreteni;
upepo ukaichukua usiku wa pili.
Ikabaki njia ya mababu: sepetu.

Nikachimba. Kina cha goti, kabla ardhi haijaganda.
Nikafukua kiatu cha farasi, shingo ya chupa,
na kijiko ambacho mama alinichapia
nilipokuwa na miaka sita, nikaapa sikukipoteza.
Nikalaza bomba la plastiki. Uzi nikaufunga kwenye mfuko wa mkate,
Tuuli akauvuta kwa mashine ya kufyonza vumbi upande wa pili,
mfuko ukapita chini ya ardhi ukivuma kama nyigu.
Tukacheka, yeye kule, mimi huku,
kicheko kimoja chenye midomo miwili.

Nyaya nane, nyembamba kama mishipa ya jani:
chungwa, kijani, buluu, kahawia,
na wenzao wenye milia.
Nilivaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.
Nilikosea mara tatu. Ya nne, taa ikawaka bandani,
na Tuuli akanipigia simu kuniambia imekubali.

Akanipigia simu.

Tangu hapo ua una theluji isiyokanyagwa.
Viazi namenya mwenyewe, vinabaki.
Habari zake zinakuja kwa ujumbe: picha ya supu, kidole gumba.
Sijuti. Mzazi hachimbi ili arudishiwe udongo.

Lakini jana, saa moja na nusu,
nilisimama mbele ya ruta, nikazitazama taa zake zikikonyeza,
nikachomoa waya.
Dakika nne tu, kwa saa ya ukutani.
Nikaweka viazi mezani. Visu viwili.
Dirishani nikaona mlango wa banda ukifunguka,
na tochi ikija, ikiyumbayumba,
juu ya mtaro nilioufukia mwenyewe.