Saa Tisa ya Nani

Mwezi wa nane mto wetu unavukwa kwa mguu.
Huku Ureno, kule Uhispania,
katikati mawe meupe na bata wawili wasio na pasi.
Ng'ambo saa zao zimetutangulia kwa saa moja,
jambo la kuchekesha siku za harusi:
tunafika, keki imeshakatwa.

Siku ile halikuchekesha.

Moto ulianzia kwenye mikalitusi, juu ya Vale de Urzes,
saa sita na robo. Robo yetu.
Nilikuwa ndani ya hema la uratibu,
ubao mweupe mbele yangu, kalamu nene mkononi,
na simu tano zisizojuana:
zimamoto wa kujitolea, misitu, jeshi, manispaa,
na ya tano ya Eladio, ng'ambo,
anayesema Kigalisia polepole nimwelewe,
nami namjibu Kireno polepole,
kama watu wawili wanaopokezana yai.

Redio za jeshi hazikusikia redio za misitu.
Tukamtafuta Custódio, miaka kumi na tisa,
akimbie na vikaratasi baina ya magari mawili
yaliyoegeshwa hatua arobaini.
Juu tulikuwa na setilaiti.
Chini tulikuwa na viatu vya Custódio.

Nikaomba helikopta.
Kuomba ni kazi chafu, nakiri:
ukipewa, kuna kijiji kimevuliwa shuka.
"Ninayo moja," akasema Eladio, "iko Outeiro.
Nikiichomoa, watanilaani mpaka kwa wajukuu."
Akanyamaza. Nikasikia kikohozi, si chake.
"Nitakupa saa tisa."
Nikaandika: HELIKOPTA, SAA 9.
Nikapiga mstari chini yake, mara mbili,
kana kwamba wino ni ahadi.

Saa tisa yake ni saa nane yetu.

Ikaja saa nane, ndoo imejaa,
ikawakuta vijana wetu bado bondeni
wakiburuta mipira chini ya nyaya za umeme,
hakuna aliyewaambia waondoke,
hakuna redio ya kuwaambia.
Rubani akazunguka. Akazunguka tena.
Huwezi kumwagia watu tani ya maji vichwani.
Mafuta yakamwishia hesabu, akarudi kwao.

Saa tisa, yetu, bonde lilikuwa tupu, tayari, safi,
nasi sote tukaangalia juu.
Moshi.

Moto peke yake haukuvaa saa.
Ulichukua paa la kanisa dogo
na mizinga sitini na miwili ya Dona Firmina,
aliyekuja hemani akasimama karibu na ubao,
akasoma mistari yangu miwili,
akaondoka bila neno.

Jioni magari ya Eladio yakavuka mto,
mawe yakilia chini ya magurudumu.
Hapo tena: viungio vya mipira yao havikuingia kwenye vyetu.
Vyao vina meno, vyetu vina ndoana.
Wanaume ishirini wakatazama vyuma viwili
vinavyokataana kama wakwe.
Ndipo Belmiro, fundi bomba,
akatoa mfukoni pete ya shaba
aliyoichonga mwenyewe majira ya baridi, kwa uchovu tu, alisema,
meno upande huu, ndoana upande ule.
Ikaingia. Maji yakapita.

Usiku Eladio alikaa juu ya kreti ya maji, uso masizi.
Hakuomba radhi, wala mimi.
Alininyooshea mkono wenye saa,
nikaweka wangu kando yake,
tukaitazama mishale ikitembea pamoja,
dakika kwa dakika, ikikubaliana kila kitu
isipokuwa ule mfupi.

Tuliomba pete arobaini. Tumepewa sita.
Mkutano wa bajeti umeahirishwa mara ya tatu.
Firmina hajanunua nyuki.

Mimi siku hizi siandiki saa isiyo na mwenyewe.
Naandika: saa tisa ya Eladio.
Naandika: saa nane ya kwetu.
Wageni wanadhani ni mzaha.